Kwaresima si Mashindano ya Kujinyima

Mwaka huu Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani siku 40 za toba kabla ya Pasaka, iliangukia tarehe 18 Februari, na wiki hiyohiyo mwezi wa Ramadhani ukaandama. Katika mji kama Moshi, ambako Mkristo na Mwislamu wanapanga nyumba moja Majengo au Pasua na kuchota maji bomba moja, jambo hilo halikuweza kupita kimyakimya. Kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye vijiwe vya kahawa, hata ndani ya daladala, watu wamekuwa wakiuliza nani anafunga kweli: anayekaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila tone la maji, au anayekunywa chai na chapati asubuhi, akala wali mchana, halafu akasema yuko kwenye mfungo kwa sababu Ijumaa hatagusa nyama? Wakristo wengi, vijana hasa, wameona aibu, na aibu hiyo wameijibu kwa kujitungia masharti. Siku 40 bila sukari. Siku 40 bila soda, bila kitimoto, bila bia. Kila jioni mtu anaweka status kuwaarifu rafiki zake amefika siku ya ngapi, nao wanampigia makofi.

Kuna walioyapokea haya kama uamsho wa imani, na kuna walioyakemea kama unafiki wa kujionyesha mbele ya watu. Nadhani wote wamekosea mahali pamoja, kwa sababu wote wanaupima mfungo kwa ugumu wa kitu kilichoachwa. Kwaresima imewekwa ili Mungu apewe nafasi ya kwanza katika maisha ya mtu, kiti ambacho mwaka mzima huwa tunakikalia wenyewe bila kujitambua. Hilo ndilo suala, na chakula ni njia ya kulifikia. Mtu anaweza kuacha sukari, nyama na pombe siku zote 40 na bado akabaki ameketi palepale. Tena akakaa kwa kujiamini zaidi, maana sasa ana ushahidi kwamba yeye ni mtu wa msimamo. Mfungo ambao nimeuchagua mimi, nimeuwekea masharti mimi, ninaukagua mimi na kujipa alama mimi, ni vigumu kuniondoa mimi katikati.

Tuanze na kilichoagizwa, maana watu wengi wanabishana juu ya sheria ambayo hawajaisoma. Kwa Wakatoliki, siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mtu anakula mlo mmoja wa kushiba, na anaruhusiwa viwili vidogo. Sharti hilo linambana mwenye miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Kuacha nyama siku za Ijumaa kunaanzia miaka 14. Umri na siku hizo vimo katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, na msingi wake ni hati ya Papa Paulo VI ya Februari 1966, iliyolegeza utaratibu mkali uliokuwepo. Kwa Walutheri hakuna sheria ya namna hiyo kabisa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko lao la imani, linakataa kufunga kunakodhaniwa kumnunulia mtu neema, lakini kufunga kwenyewe halikukatai. Linataka Mkristo auzoeze mwili wake nidhamu ili usimtawale. Kwa hiyo anayesema ratiba ya Wakristo ni nyepesi anasema kweli. Asichokijua ni kwamba ililegezwa kwa makusudi, ili mkazo ubaki panapostahili.

Na mkazo huo ni wa zamani. Katika karne ya pili Wakristo walifunga siku moja au mbili hivi kabla ya Pasaka, wala hawakulingana, na Mtakatifu Ireneo wa Lyon aliandika kwamba tofauti hizo hazikuwavunjia amani. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, unakitaja kipindi cha siku 40 kama kitu ambacho watu tayari wanakijua. Kipindi hicho kilikua hasa kwa ajili ya watu wa aina mbili: mkatekumeni aliyekuwa akijiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka, na mwamini aliyetenda dhambi kubwa akawa anasubiri kurudishwa kwenye meza ya Bwana. Waamini wengine waliungana nao, wakafunga pamoja nao na kuwaombea. Hakuna aliyefunga kwa ajili ya kujijenga peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia, yaani utaratibu wa ibada, ya Desemba 1963, ulisema jambo hilohilo kwa maneno ya wazi: toba ya Kwaresima isiishie ndani ya moyo wa mtu mmoja, iwe pia ya nje na ya kijamii. Yaani jirani yako aione matunda yake, hata kama hajui umekula nini.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka huu makanisani tulisomewa Mathayo sura ya 4, Yesu jangwani. Tumeizoea mno habari hiyo kiasi cha kutoona mpangilio wake. Mjaribu hakuja siku ya tano kumshawishi Yesu avunje mfungo. Alikuja baada ya siku 40 kutimia, mfungo ukiwa umefanikiwa. Na alichomjaribu nacho kilikuwa matumizi ya ushindi ule: geuza mawe yawe mkate wako, jirushe toka kinara cha hekalu watu waone unavyolindwa, chukua milki zote za dunia ziwe zako. Kila jaribu lilimtaka ajitumikie yeye. Mwinjili anatuambia, kama tukimsikiliza, kwamba mtu anaweza kumaliza mfungo wote vizuri na hatari ikawa ndiyo kwanza inaanza. Ndiyo maana hesabu ya siku kwenye status hainitoshi kama ushahidi wa uamsho, na wala sina haja ya kumwita anayeiweka mnafiki. Huenda ana nia safi. Swali la Injili kwake linakuja siku ya 41.

Ulinganisho na Ramadhani nao umeshikwa kwa upande usio wake. Tunachowaonea wivu Waislamu ni kiu na njaa yao, wakati kuna jambo kubwa zaidi la kujifunza. Mwislamu wa Pasua hakuchagua saa za kufunga, wala hakukaa na kalamu kuamua aache nini mwaka huu. Saumu ni nguzo ya dini yake. Inamhusu mwenye duka la vipuri na inamhusu mchukuzi wa mizigo wa Mbuyuni. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa, walipe siku nyingine. Na kabla ya sala ya Idd inatolewa zaka ya Fitri ili maskini naye apate chakula siku hiyo. Hamna anayeulizwa "wewe umeacha nini?" Kwa kuwa agizo ni la wote, hakuna wa kujisifia kwa kulitimiza. Ijumaa bila nyama ya Wakatoliki, hata kama ni jambo dogo, ina tabia hiyohiyo: sikuichagua, haikupimwa kwa uwezo wangu, na jirani yangu anaifanya pamoja nami. Inanifundisha kutii kabla haijanifundisha kujinyima. Nikiiona ndogo, nikaiweka kando na kujitungia mfungo mkubwa wa kwangu, nimeongeza ugumu lakini nimepunguza utii, na utii ndio uliokuwa unaniondoa kwenye kile kiti.

Wapo wanaojibu, kwa haki, kwamba mtu huanza na alichonacho. Kuacha sukari ni jambo jema. Kisukari na presha vimeingia karibu kila ukoo hapa Kilimanjaro, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kama Kwaresima imempa kijana sababu ya kupunguza bia, kwa nini tumkatishe tamaa? Hoja hii naiheshimu. Watu wengi wamemwendea Mungu kwa sababu ndogo wakakutana na kubwa njiani. Lakini kipo kipimo kinachoitenganisha afya na ibada, nacho kiko mfukoni. Tuseme soda ni shilingi 1,000. Aliyeiacha kila siku kwa siku 40 amebaki na shilingi 40,000. Zimeenda wapi? Papa Leo Mkuu, katika karne ya tano, aliwahubiria watu wa Roma kwamba kile ambacho mfungo unakitoa mezani kwao kiende kumlisha maskini. Kama pesa ile imerudi kuninunulia viatu vya mazoezi, nimefanya jambo zuri la afya, na niliite hivyo. Kama imeingia kwenye bahasha ya wahitaji au imemalizia ada ya mtoto wa jirani, basi kuna mtu mwingine aliyeingia kwenye mfungo wangu, na Mungu ameingia pamoja naye.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya "mimi sifungi chakula, nafunga dhambi, Mungu anaangalia moyo." Inasikika ya kiroho sana, lakini haisimami. Dhambi haifungwi. Mwizi haachi kuiba kwa siku 40 ili arudie Jumatatu ya Pasaka. Anapaswa kuacha leo na milele, iwe Kwaresima, iwe Oktoba. Kufunga ni kuacha kitu chema, kitu ambacho ni halali yangu: chakula nilichokitolea jasho, usingizi wa asubuhi, haki yangu ya kujibu ninapotukanwa. Ninamwachia Mungu kilicho changu ili nikiri kwamba hata hicho kilitoka kwake. Wenye hoja hii hupenda kumnukuu nabii Yoeli, "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Wasome na mstari unaotangulia, ambao nao husomwa Jumatano ya Majivu: Bwana anaagiza watu wamrudie kwa mioyo yao yote, na kwa kufunga, na kwa kulia, na kuomboleza. Nabii hakuutenga moyo na tumbo. Njaa ya saa nane mchana inamkumbusha mtu kwamba yeye ni kiumbe, kwa namna ambayo nia njema peke yake haiwezi.

Upande mwingine kuna mfungo wa kupata, ambao umeenea mno katika mikoa yetu, ndani na nje ya makanisa ya zamani. Mabango yanatangaza siku 21 au 40 za kufunga na kuomba kwa ajili ya kazi, ndoa, safari, kufunguka kwa biashara. Sitaki kuwadharau wanaokwenda. Katika Biblia, mama aitwaye Hana alilia asile chakula kwa ajili ya mtoto. Esta na watu wake walifunga kwa ajili ya uhai wao. Ninawi ilifunga ikaokoka. Kuomba si kosa, na mwenye shida anajua kwa nini anaomba. Kosa linaanza pale mfungo unapogeuka malipo ya awali, Mungu akawa mdaiwa wa mtu aliyeshinda njaa. Hapo tumeweka jina la Mungu mbele na matakwa yetu yakabaki yameshika usukani. Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane, akaeleza wazi anachokitaka, kisha akayaacha mapenzi ya Baba yatangulie. Sehemu hiyo ya pili ya sala ndiyo inayokosekana kwenye mabango.

Kuna pingamizi moja ambalo wahubiri wetu hawalijibu vya kutosha, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Linauliza: kujikana kunahubiriwa kwa nani? Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani kutoka Kibosho au Old Moshi, akakaa sokoni tangu asubuhi kwa strungi na andazi moja, jioni akawapakulia watoto na mume na yeye akala ukoko, huyo unamwambia ajinyime nini tena? Dada wa kazi anayelala saa sita na kuamka saa kumi, mwenye mshahara unaotolewa siku ambayo bosi amejisikia, huyo nafsi yake imekalia kiti gani? Maisha yamekwisha kumfundisha kuwa yeye si kitu. Ukimhubiria kujishusha bila kuangalia mahali alipo, unaongeza mzigo juu ya mzigo, na unautia muhuri wa Mungu.

Pingamizi hili ni la kweli, na Maandiko yenyewe yamelitangulia. Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu tunasoma Isaya 58. Nabii anawasema wenye kufunga huku wakiwalemea wafanyakazi wao, na saumu anayoitaja Mungu ni kufungua vifungo vya uovu, kuwaacha huru walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula. Mahubiri yale yanaanzia kwenye meza ya mwenye nacho. Hati ile ya Papa Paulo VI ya 1966 nayo ilitofautisha: palipo na neema ya mali, Wakristo waonyeshe zaidi kujinyima na ukarimu, palipo na ufukara, wadai haki kwa kila njia na kumtolea Mungu mateso yao katika sala. Kwa hiyo kumweka Mungu mbele hakuna sura moja kwa watu wote. Kwa mwajiri, kunaweza kuwa kulipa mshahara wa Februari kabla ya kwenda kupokea majivu. Kwa mama yule, kunaweza kuwa kukaa mezani na kula na wengine, maana aliyeichukua nafasi ya Mungu juu ya maisha yake ni mtu mwingine, na yule ndiye anayetakiwa kushuka.

Kwa sababu hiyohiyo tuwe waangalifu na msemo "Mungu kwanza" unapotumika kuwakwepa watu. Katika Marko sura ya 7 Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, sadaka kwa Mungu, wakapata sababu ya kutowasaidia baba na mama. Anayetoa sadaka kubwa madhabahuni huku ada ya mtoto haijalipwa, au anayekesha kwenye maombi huku mzee wake mgonjwa hana wa kumgeuza kitandani, anafanya jambo ambalo Bwana amelikataa kwa maneno yake mwenyewe. Mungu hana mpango wa kupewa kilicho haki ya mwingine.

Nilikuwa kwenye kikao cha harusi hapa mjini Ijumaa moja ya Kwaresima hii. Parokia na sharika zetu nyingi hazifungishi ndoa kipindi hiki, kwa hiyo harusi zimepangwa baada ya Pasaka, na wiki hizi za toba ndizo zimekuwa msimu mkuu wa vikao. Kikao kilifunguliwa kwa sala. Mhudumu alipokuja, hakuna aliyeagiza nyama, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Wakaja samaki wakubwa wa kuchoma na ndizi za kukaanga na kachumbari, sahani moja kwa bei inayozidi ile ya nyama. Mhazini akafungua daftari, akasoma majina na ahadi moja baada ya nyingine. Lilipofika jina la mama mmoja mjane, ahadi yake ya shilingi 50,000 ikapigiwa makofi ya kumwongezea, na makofi hayakukoma mpaka aliposema 100,000. Alitabasamu na kuketi, mikono ikikunja na kukunjua ncha ya khanga. Wenye makofi wale ni watu wema, na michango ya harusi ni namna yetu ya kubebana. Pasipo hiyo wengi wasingeoa wala kuzikana kwa heshima. Lakini sharti la Ijumaa lilitimizwa mezani kwa ukamilifu, na muda uleule mjane akabanwa pesa ambayo bila shaka hakuwa nayo. Hakuna kanuni ya nyama iliyovunjwa. Isaya 58 ilivunjwa yote.

Martin Luther, akifundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516, alieleza kwamba mwanadamu mwenye dhambi amejikunja akajielekea mwenyewe, kiasi kwamba hata vipawa vya Mungu, na Mungu mwenyewe, anataka kuvitumia kwa ajili yake. Maelezo hayo yangepaswa kusomwa katika makanisa yetu yote kila Kwaresima, Katoliki na Kilutheri (KKKT), kwa maana wamisionari wa pande zote mbili waliupanda mlima huu katika muongo mmoja, miaka ya 1890, wengine wakaanzia Kilema na wengine Machame, na wajukuu wa waliobatizwa kule leo wameoana, wanachanga pamoja na kuzikana pamoja. Mkatoliki ana kishawishi cha kudhani sharti likitimizwa kazi imeisha. Mlutheri ana kishawishi cha kudhani kwa kuwa hakuna sharti, hakuna kazi. Njia ni mbili, lakini nafsi inayojikunja ni ileile.

Kama kuna mahali ambapo kujikunja huko kunaonekana hapa kwetu kuliko kwenye chakula, ni kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo. Sidhani kuna mchungaji, padri au mzee wa kanisa mlimani asiyeijua hali hii: ndugu wa baba mmoja, jumuiya moja, Ijumaa wanapita vituo 14 vya Njia ya Msalaba wakiitikia sala zilezile, na hawajasalimiana tangu baba azikwe, kwa sababu mpaka umesogezwa hatua tatu, au kwa sababu dada alirudi nyumbani akaambiwa hana sehemu. Wanaacha nyama wote wawili. Wote wawili wanaweza kukaa siku 40 bila pombe, maana kuacha pombe ni rahisi kuliko kumwambia mdogo wako "nimekudhulumu". Wazee wetu walipanda masale kuonyesha mpaka, na jani la masale hilohilo ndilo mkosaji alilolipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na ilikuwa vigumu sana kulikataa. Mmea mmoja ulilinda haki ya kila mtu na ukafungua njia ya kupatana. Imani yetu inatudai zaidi ya hapo: Mathayo 5 inasema ukiwa umefika madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza upatane naye.

Nitaambiwa ardhi ni suala la sheria, liende baraza la ardhi. Ni kweli, na aliyedhulumiwa ana haki ya kwenda huko. Kwaresima haimtaki anyamaze. Lakini baraza linaamua kiwanja ni cha nani, wala haliwezi kumfanya mtu aondoke katikati ya nafsi yake. Hatua ya kwanza ni ya yule aliyekalia kisicho chake, na mara nyingi anajijua. Viongozi wa jumuiya na wazee wa mitaa wanawajua pia. Wangeacha kuulizana wiki hizi nani ameacha nini, wakaenda nyumba hizo wawili wawili kabla ya Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi, wangefanya kazi ya Kwaresima kuliko shindano lolote la siku 40. Na kalenda ya mwaka huu inawasaidia: Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na kesho yake ni Siku ya Karume, kwa hiyo kuna mapumziko ya siku tano mfululizo. Wengi walioko Dar es Salaam na Arusha watapanda nyumbani, na shangazi, wajomba na mashahidi wa mpaka watakuwa kihambani kwa pamoja. Baada ya hapo kuwakusanya wote itakuwa vigumu mpaka Desemba.